Jopo Halitoi Alama kwa "Sisi"

Kwa Kinyarwanda, mtu aliyeitwa na mwajiri hasemi kwamba anakwenda kuzungumza. Anasema anakwenda kufanya ikizamini cy'akazi, yaani mtihani wa kazi. Mtanzania huitwa kwenye usaili, Mkenya huitwa intavyu, na maneno hayo mawili yanaacha upenyo wa kudhani kwamba huko mbele kuna maongezi tu: watu wanaulizana habari, wanapimana kwa macho, mwishoni mmoja anavutiwa na mwenzake. Neno la Kinyarwanda halina upenyo huo. Mtihani una msahihishaji, una karatasi ya alama, na una watakaofeli.

Kagarama wanaujua mtihani huo vizuri. Kagarama ni mmoja kati ya mirenge 35 ya jiji la Kigali, umurenge ukiwa ni kata kwa Mtanzania, na uko wilayani Kicukiro. Umegawanyika katika maeneo madogo matatu, yaitwayo utugari: Kanserege, Muyange na Rukatsa. Sehemu kubwa ni makazi ya watu: nyumba zenye mageti, bustani ndogo zilizopangwa kwa ustadi, na nyuma ya nyumba hizo vyumba vya kupanga, ambavyo vijana wa Kigali huviita geto kama wenzao wa Dar es Salaam. Katika vyumba hivyo wanaishi wahitimu wa vyuo, mmoja kitandani, mwingine kwenye godoro chini, wakigawana kodi na kifurushi cha intaneti. Asubuhi mmoja wao akitoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na bahasha ya kaki kwapani, majirani hawaulizi anakwenda wapi.

Kwa nafasi za serikali ya Rwanda, mlango ni mfumo wa mtandao unaosimamiwa na wizara ya utumishi na kazi, MIFOTRA. Humo ndimo matangazo hutoka, maombi hutumwa na matokeo husomwa. Anayepita mchujo wa vyeti hufanya mtihani wa kuandika, na anayevuka huo hukaa mbele ya jopo. Alama ya kufaulu ni 70 kwa 100. Aliyefikia kiwango hicho akakosa nafasi, kwa sababu aliyemzidi ni mmoja na kiti ni kimoja, jina lake huweza kubaki kwenye orodha ya akiba. Aliyepata 69 anarudi Rukatsa kuanza upya. Kwenye kampuni binafsi na mashirika hesabu si kali namna hiyo, lakini hata huko siku hizi kila mjumbe wa jopo huwa na fomu mbele yake, maswali yale yale kwa kila anayeingia, na kisanduku cha kujaza namba.

Fomu hiyo haikuletwa na watu wanaopenda makaratasi tu. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Waliona kwamba mahojiano yenye mpangilio, ambamo wote huulizwa yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja, hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kwenda popote. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu hiyo, wakashusha makadirio mengi ya awali, na bado mahojiano yenye mpangilio yakatokea juu ya njia nyingine zote. Hata Google, kampuni iliyokuwa na sifa ya kuuliza watu mafumbo, ilikiri mwaka 2013 kupitia mkuu wake wa rasilimali watu, Laszlo Bock, kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda.

Kwa kijana wa Kagarama maana yake ni hii. Mjumbe wa jopo anaweza kumpenda mtahiniwa kuanzia anapobisha hodi, lakini kwenye kisanduku cha "uwezo wa kutatua migogoro" anahitaji kitu cha kuandika. Mtahiniwa asipompa, ataandika namba ndogo huku akisikitika.

Na hapa ndipo malezi yanapoingia. Mtoto wa Rwanda, kama mtoto wa Unguja au wa Bukoba, hufundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa. Anampa mkono mtu mzima huku mkono wa kushoto ukigusa ule wa kulia, ishara ya heshima. Hamkazii macho. Akisifiwa, anasema ni juhudi za wote. Waswahili nao wana methali inayomfunga mtu mdomo kabisa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni inafaa. Kwenye chumba chenye watu watatu wasiomjua mtahiniwa, na dakika zinazohesabika, chema hakina muda wa kujiuza chenyewe.

Sikiliza majibu ya watahiniwa wengi wa ukanda huu utakuta neno moja limetawala: sisi. "Tulipata changamoto ya wateja kuchelewa kulipa, tukakaa, tukaweka mkakati, tukafanikiwa." Sentensi hiyo ina adabu zote na haina alama hata moja. Nani alikaa? Nani aliwapigia wateja simu? Wangapi walikuwa wamechelewa, na wangapi walilipa? Huenda msemaji ndiye aliyefanya kazi yote usiku peke yake. Huenda pia alikuwa akipika chai. Jopo halina njia ya kujua, na halitoi alama kwa "sisi".

Si lazima mtu ageuke mjivuni. Njia inayofundishwa duniani tangu miaka ya 1970 ni kulijibu kila swali la "tupe mfano" kama kisa kifupi: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nilifanya nini, ikatokea nini. Mtu wa pwani atatambua kwamba hiyo ni hadithi ya kawaida tu, yenye mwanzo na mwisho, ila msimuliaji haruhusiwi kujificha nyuma ya wahusika wengine. "Tulikuwa watunza hesabu watatu. Mimi nilipewa madeni ya zaidi ya siku 60. Niliyapanga kwa ukubwa, nikawapigia wateja 10 wa kwanza, saba wakalipa mwezi ule ule." Hakuna majigambo hapo. Kuna namba, na namba hubaki kwenye karatasi baada ya mtahiniwa kufunga mlango.

Anayesema hana uzoefu ana vya kusimulia kuliko anavyofikiri. Umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, una watu wanaoipanga. Kijana aliyewahi kugawa majembe na kuandika mahudhurio ya mtaa wake amesimamia watu ambao hakuwa na mamlaka ya kuwalazimisha. Ikimina, kile chama cha kuweka na kukopeshana ambacho Watanzania huita kibati au upatu, kina mweka hazina. Mhitimu wa IPRC Kigali, chuo cha ufundi hapo hapo Kicukiro, aliyetengeneza jenereta ya kanisa bila kulipwa ana kisa chenye hali, jukumu, tendo na tokeo kumzidi mwenzake aliyekaa miezi sita ya mafunzo kazini akipiga fotokopi.

Wengi wa ukanda huu wamewahi kuona mahojiano ya kazi yakifanywa hadharani, ingawa hawakuyatazama kama somo. Chini ya katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Tume ya Utumishi wa Mahakama huwahoji wanaotaka kuwa Jaji Mkuu, na mahojiano hayo yamerushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipini alichovaa sikioni. Swali lilikuwa na mtego, maana ukilikasirikia umekosa ustahimilivu, na ukijitetea sana umeonyesha aibu. Alieleza kwamba kipini hicho kinahusiana na imani yake kwa mizimu ya wahenga, akasema wazi kwamba hatakivua kwa ajili ya kupata kazi. Akapewa kazi. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, aliulizwa angefanya nini iwapo kesi ya uchaguzi wa rais, ambayo katiba inataka iamuliwe ndani ya siku 14, ingemdai Jumamosi. Hakuipamba. Alisema ingemwia vigumu sana kutoka kanisani kwenda kusikiliza kesi, na kwamba angezungumza na majaji wenzake. Naye akapewa kazi, na mwaka uliofuata ndiye aliyeongoza Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Aprili 2021 watahiniwa walikuwa 10, na Martha Koome akatoka humo kuwa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke nchini Kenya.

Ukubwa wa vyeo hivyo usimtishe anayeomba kazi ya kupokea wageni hotelini. Kinachofanana ni jibu. Swali linalogusa udhaifu, dini, umri au pengo la miaka miwili kwenye wasifu linataka sentensi mbili za kweli, kisha mtu anyamaze. Anayeulizwa udhaifu wake akajibu kwamba "napenda kufanya kazi kupita kiasi" anawaambia watu watatu wazima kwamba anawaona watoto. Afadhali aseme kwamba alikuwa mzito wa kuandika ripoti, akajiwekea utaratibu wa kuandika kila Alhamisi, na sasa hachelewi.

Yapo maswali yasiyostahili kuulizwa. Mwanamke huweza kuulizwa ataolewa lini, au kama ana mpango wa kuzaa karibuni. Sheria ya kazi ya Rwanda ya Agosti 2018 inakataza ubaguzi kazini, lakini mtahiniwa aliyekaa mbele ya jopo hana wakili pembeni. Wengi huona heri kujibu kile kilichofichwa nyuma ya swali: kwamba majukumu ya nafasi hiyo ameyasoma, safari zake anazijua, na yuko tayari kuyatimiza. Kisha, akifika nyumbani, ana haki ya kujiuliza kama mahali pale panamfaa.

Wasiwasi mkubwa zaidi mitaani, hata hivyo, hauhusu maswali. Unaitwa ikimenyane. Ni kujuana: nafasi kupewa mpwa wa mkubwa kabla tangazo halijakauka. Kudai kwamba jambo hilo halipo ni kuwadhihaki watu walioliona. Ndiyo maana nchi za ukanda huu zimehamishia maombi kwenye mitandao na kuachia matokeo yasomwe na wote, na ndiyo maana mtahiniwa wa utumishi wa umma Rwanda asiyeridhika na alama zake huruhusiwa kukata rufaa. Lakini ikimenyane hufanya madhara mawili. La kwanza ni kwa anayenyimwa. La pili ni kwa yule anayejipa hakika kwamba kila kiti kina mwenyewe, akaenda bila kusoma hata tovuti ya taasisi, akafeli kwa uzembe wake, akarudi na ushahidi mpya wa ikimenyane.

Ushindani wenyewe unatosha kutisha bila kuongezewa. Tanzania haijasahau Juni 2014, wakati watu zaidi ya 10,000 walipojaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa kuandika kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile za watu wakiandikia magotini, jukwaani, mahali walipozoea kushangilia Simba na Yanga, zilisema mengi kuhusu ajira Afrika Mashariki. Palipo na wingi kama huo, mchujo wa kwanza hautafuti aliye bora. Unatafuta sababu ya kuondoa watu: cheti kilichokosekana, jina lililoandikwa tofauti kwenye kitambulisho na kwenye diploma, simu isiyopatikana.

Maandalizi basi huanzia kwenye tangazo. Halisomwi kama habari, husomwa kama mkataba, mstari kwa mstari, na mbele ya kila jukumu mtahiniwa huandika kisa kimoja cha maisha yake. Jukumu lisilo na kisa ndilo atakaloulizwa. Asihesabu kwamba bahati itamwokoa. Kwa nafasi za serikali za mitaa Rwanda, ni vigumu kukwepa maswali kuhusu imihigo, mikataba ya utendaji ambayo wilaya zimekuwa zikitia saini tangu 2006, au kuhusu mpango wa maendeleo wa NST2 unaoishia 2029. Kuvikariri kama kasuku hakusaidii. Anayeomba kuwa afisa kilimo aseme ni lengo lipi la wilaya linalomgusa yeye, na angeanzia kilima gani.

Lugha ni mtihani ndani ya mtihani. Rwanda ina lugha nne rasmi: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2017, Kiswahili. Aliyesoma kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008 huenda anafikiri kwa Kifaransa huku jopo likiuliza kwa Kiingereza, na mdogo wake ana tatizo la kinyume. Kiswahili kimepata bei yake. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ambayo makontena yake hupitia Dar es Salaam au Mombasa, ina sababu ya kumgeuzia mtahiniwa ghafla na kumwambia aongee kama vile dereva wa lori amekwama mpakani Rusumo. Ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia kwenye nyimbo atajulikana hapo hapo. Dawa inajulikana ingawa haipendwi: kusema majibu kwa sauti, mbele ya mwenzako wa geto, mara nyingi hadi yeye achoke.

Swali rahisi kuliko yote ndilo linaloangusha wengi. "Tueleze kidogo kuhusu wewe." Mtahiniwa huanza na mwaka wa kuzaliwa, akapitia shule ya msingi, akataja wadogo zake, na anapofika chuo kikuu mwenyekiti wa jopo ameshatazama saa mara mbili. Wanachotaka ni dakika moja au mbili: anafanya nini sasa, alifanya nini kabla, na kwa nini hayo yamemleta kwenye kiti hiki.

Kisha mshahara. Kwa kampuni binafsi hasa, swali hili huja mwishoni na kumkuta mtu hana hesabu. Ataje namba, lakini ajue ni ghafi au ni ya mkononi. Mshahara ghafi wa faranga 300,000 hukatwa kodi ya 54,000, kwa viwango vya asilimia 10, 20 na 30 vinavyoanza juu ya faranga 60,000. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu akilipa mfanyakazi, kwa hiyo 18,000 nyingine zinaondoka. Ukitoa na mchango wa likizo ya uzazi na ule wa bima ya afya ya jamii, mkononi hubaki kama 226,000. Aliyesema "laki tatu zinanitosha" akiwa na maana ya mkononi ameshajipunja.

Siku yenyewe ina mambo yake madogo. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi Rwanda huanza saa tatu asubuhi, na watu wanaotoka Kagarama wote hukutana Kicukiro Centre kabla ya kusukumana hadi Sonatubes, mahali ambapo magari ya Remera na ya mjini huachana njia. Basi la asubuhi halina ahadi. Pikipiki ina kasi, lakini kofia ya abiria anayoitoa motari, yaani dereva wa pikipiki, imeshapita vichwa vingi, na aliyesuka nywele jana ana uamuzi mgumu wa kufanya. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, mvua hugeuza njia za udongo kuwa tope jekundu, hivyo wenye uzoefu hubeba viatu kwenye mfuko na kuvibadilisha langoni. Wapo wanaokwenda siku moja kabla, kuona tu jengo liko wapi na mlinzi anataka kitambulisho gani.

Ndani ya chumba, heshima ya nyumbani haina kosa. Kusubiri kukaribishwa kukaa, kusalimia kwa Mwaramutse, kumpa mkono mkubwa wa meza kwa adabu: yote hayo hujenga. Macho ndiyo yanayohitaji mazoezi. Aliyezoea kutazama chini anaweza kumtazama anayeuliza wakati wa swali, kisha kuwagawia wengine macho wakati wa jibu. Jopo likimuuliza kama ana swali, kusema "hapana, nashukuru" ni kuacha sahani ikiwa nusu. Aulize kazi ya miezi mitatu ya kwanza itapimwaje. Jibu lake litamfaa akipata kazi, na likiwa la kubabaisha, litamfaa pia.

Kuna tabia moja ambayo baadhi ya watahiniwa wakongwe wanayo. Wakitoka hawapigi simu kwanza. Hukaa kwenye basi la kurudi Kicukiro, wakatoa ile bahasha ya kaki, na nyuma yake wakaandika maswali yote waliyoulizwa, pamoja na lile walilojibu "tulifanya" kabla ya kujikumbuka. Basi likifika Sonatubes, foleni ikasimama, wanalijibu swali hilo upya.